Zebaki na Mafigo

Katika vilima vya Kilo, kaskazini ya Bunia, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1903, wachimbaji wadogo hata leo huikusanya kwa zebaki; na zebaki hiyo hiyo, ambayo ni sumu kwa mafigo, ndiyo ambayo mwaka 1919, huko Vienna, mwanafunzi wa tiba Alfred Vogl alitambua kwamba mgonjwa wa kaswende akidungwa dawa yenye zebaki hukojoa kwa wingi wa ajabu, na kwa miongo mitatu na zaidi sindano hiyo ikawa tegemeo la waliovimba maji.

Mafigo huchuja lita zipatazo 180 kila siku na kurudisha karibu zote, kwani chumvi irejeapo damuni, maji huiandama. Basi dawa za kuongeza mkojo zilizofuata sindano hiyo hufunga kila moja mlango wake wa chumvi. Klorothiazidi, iliyotoka mwaka 1958, hufunga mlango wa mbali, upitishao chumvi kidogo, nayo ikawa rafiki wa wenye shinikizo la damu. Furosemidi, iliyoifuata, huziba mlango wa pindo la Henle ndani ya mafigo, linalorejesha takriban robo ya chumvi yote, ndiyo maana nguvu yake ni kubwa mno. Lakini zote mbili huupotezea mwili potasiamu, na upungufu wake huudhuru moyo, ilhali spironolaktoni, ipingayo homoni ya aldosteroni, huihifadhi.

Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani liliiweka furosemidi miongoni mwa dawa za lazima, na kwa haki. Ila hospitali ya Nyankunde, karibu na Bunia, iliposhambuliwa na kuporwa Septemba 2002, wagonjwa wakiuawa vitandani, hata kidonge rahisi cha furosemidi kilikuwa hakina pa kutolewa.