Windows Home kwenda Pro: angalia mbele ya kulipa

Mwenye kuchapa kazi za wanafunzi pale Kamalondo anaweza kupandisha ordinatere yake toka Windows Home hadi Pro bila kufuta mafaili. Anafungua Paramètres, anaingia ku Activation, anaandika kode ao ananunua ku Microsoft Store. Bei ya Marekani: dolari 99.

Pro inaleta BitLocker, yenye kufunga diski hata mashini ikiibiwa. Lakini kode yake ya kufungulia iandikwe ku karatasi! Ikipotea, hata fundi hatarudisha kitu.

Kwa mwenye angali na Windows 10, Pro haiongezi maisha: Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, Home na Pro pamoja. Huyo achunge kwanza feza, ajaribu Windows 11, yenye ni bure kama mashini inaikubali.