Kuhamia Nairobi kwa kazi: hesabu ya familia kabla ya kuondoka

Katika makanisa yetu ya Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na Uvira, habari ya kwamba ndugu fulani amepata kazi Nairobi hupokelewa kwa furaha. Barua imefika, mshahara umeandikwa, na kila mtu anaugeuza haraka kuwa dola. Jumapili familia inaitwa mbele, inaombewa, inasindikizwa. Baada ya miezi mitatu simu zinaanza kuita: pesa ya nyumba imekosekana, watoto bado hawajaanza masomo, mama anataka kurudi.

Mara nyingi kosa halikuwa katika kazi. Kosa lilikuwa kwamba hesabu haikufanywa, au ilifanywa na baba peke yake. Katika Luka 14 Bwana Yesu anasema juu ya mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama ya mnara. Makala hii inataka kuisaidia familia kuketi hivyo, baba na mama pamoja, kabla ya kuuza vitu vya nyumba. Tumechukua mfano wa Nairobi kwa sababu ndugu zetu wengi wanaelekea huko. Anayeitwa Kampala, Kigali au Dar es Salaam atakuta bei nyingine, lakini maswali ni yale yale.

Mshahara wa barua na mshahara wa mkononi

Tuseme barua inasema shilingi 150,000 za Kenya kwa mwezi. Katika mwaka 2025 dola moja ilikuwa karibu shilingi 129, kwa hiyo ni kama dola 1,160. Lakini pesa hiyo haifiki yote. Kwa kanuni za mwaka 2025, mwajiri alikata hivi:

- bima ya afya ya jamii, asilimia 2.75: shilingi 4,125;
- tozo ya nyumba za serikali, asilimia 1.5: shilingi 2,250;
- mfuko wa pensheni wa NSSF: shilingi 4,320;
- kodi ya mapato, ambayo hupanda kwa ngazi (asilimia 10, 25, kisha 30 kwa sehemu kubwa ya mshahara kama huu): karibu shilingi 34,175.

Kinachobaki ni karibu shilingi 105,000, yaani dola 815 hivi. Karibu theluthi moja imekwisha kuondoka kabla ya mkate wa kwanza. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwajiri ni hili: «Baada ya makato yote, ni ngapi itafika mkononi?» Jibu liandikwe, kwa sababu kanuni hizi hubadilika mara kwa mara.

Karatasi zina bei yake

Tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, safari imekuwa nyepesi, na mwaka 2023 Kenya iliondoa viza kwa Wakongomani. Lakini kuingia si ruhusa ya kufanya kazi. Mfanyakazi anahitaji kibali cha kazi. Kile cha mwajiriwa wa kawaida huitwa daraja D, na kwa watumishi wa kanisa au wa shirika la huruma kuna daraja I. Kibali hulipiwa kwa kila mwaka. Ulizeni mapema nani analipa: mwajiri au nyinyi? Na kikiisha, nani atalipa cha kufuata?

Mke na watoto nao huombewa pasi ya wategemezi. Kila mmoja, hata mtoto mchanga, awe na paspoti yake, na kila aliyefika umri wa kuchanjwa awe na karte ya chanjo ya homa ya manjano. Familia ya watu watano ni paspoti tano. Fungu hili peke yake limechelewesha wengi, kwa hiyo lianze kwanza.

Mapato ya mama yanayosahauliwa

Hapa ndipo hesabu nyingi zinapovunjika. Pasi ya mtegemezi inampa mke haki ya kukaa. Haimpi haki ya kufanya kazi wala biashara. Lakini nani asiyejua kwamba katika nyumba nyingi za kwetu ni mama anayelisha? Anauza vitenge, mafuta ya mawese au samaki, anashona, anafundisha. Na kando ya mshahara kuna shamba linaloleta maharagwe, muhogo na ndizi bila mtu kutoa franga. Wengine wanakaa katika nyumba yao wenyewe, bila kulipa kodi.

Yote hayo yanabaki Kongo. Nairobi hata fungu la mboga hununuliwa. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha mshahara wa zamani na mpya, andikeni upande mmoja wa karatasi kila kitu kinachoilisha nyumba leo: mshahara wa baba, faida ya mama, mazao ya shamba, nyumba isiyolipiwa. Jumla yake ndiyo ilinganishwe na zile shilingi 105,000. Familia fulani zitakuta kwamba ongezeko ni dogo kuliko walivyodhani. Nyingine zitaona kwamba hakuna ongezeko.

Mama akitaka kufanya kazi huko, atafute kibali chake mwenyewe. Kufungua meza sokoni bila karatasi ni kuiweka familia nzima katika hatari.

Mwezi wa kwanza ndio mlima

Nyumba ya kupanga Nairobi kwa kawaida hutolewa tupu: bila kitanda, bila jiko. Mpangaji hulipa mwezi wa kwanza pamoja na garanti, ambayo wenyeji huiita depoziti, mara nyingi sawa na mwezi mmoja. Bei hutegemea mtaa. Katika mitaa ya mashariki kama Kayole na Umoja, nyumba ya vyumba viwili vya kulala hupatikana kati ya shilingi 15,000 na 30,000. Kilimani au Kileleshwa inaweza kupita 60,000. Msitume pesa kwa mtu wa kwenye simu anayedai kushika nyumba. Ndugu wa kanisa aliye huko aione kwanza, afungue bomba, aulize maji hutoka siku ngapi kwa juma.

Tuchukue familia ya baba, mama na watoto watatu wa masomo, katika nyumba ya shilingi 25,000. Hii ni hesabu ya mfano. Kila familia iweke namba zake.

- Nyumba na garanti: 50,000
- Vitanda, magodoro, jiko la gesi na mtungi, vyombo: 60,000
- Minervali ya muhula wa kwanza, watoto watatu kwa 20,000: 60,000
- Unifomu, viatu na vitabu: 24,000
- Chakula: 30,000
- Usafiri: 8,000
- Umeme, maji na gesi: 7,000
- Simu na intaneti: 3,000

Jumla ni shilingi 242,000, karibu dola 1,880, na safari hatujaihesabu. Ni zaidi ya mishahara miwili ya mkononi, nayo inatakiwa kabla mshahara wa kwanza haujalipwa. Mwajiri mwema huwa na posho ya kuhamia. Kama barua haiitaji, ombeni kabla ya kutia sahihi. Kuomba hivyo si tamaa, na baada ya kutia sahihi ni vigumu kuipata.

Mwezi wa kawaida

Mwezi wa nne ukifika, hesabu inakuwa hivi: nyumba 25,000, chakula 30,000, masomo 15,000 kwa mwezi, maana mihula mitatu ya 60,000 ni 180,000 kwa mwaka, usafiri 8,000, umeme, maji na gesi 7,000, mavazi na dawa 5,000, simu 3,000. Jumla ni 93,000. Zinabaki shilingi 12,000.

Ukitoa fungu la kumi la zile 105,000, unabaki na 1,500. Hapo hujatuma kitu kwa wazazi na hujaweka akiba.

Kuna mambo madogo yanayokula pesa polepole. Nauli ya matatu hupanda asubuhi, jioni na siku za mvua. Umeme hulipwa kwanza kwa simu, ukiisha taa zinazimika. Mwaka 2025 mtungi wa gesi wa kilo 13 ulijazwa kwa karibu shilingi 3,000. Unga wa muhogo, sombe na makayabu hupatikana, lakini kwa kutafuta na kwa bei. Familia inayojifunza kula ugali wa mahindi na sukuma wiki hupumua mapema. Na anayetoka Uvira au Kalemie ajue kwamba Juni hadi Agosti Nairobi ni baridi: mablanketi na sweta za watoto ni fungu pia.

Masomo: kalenda mbili zinazogongana

Kwetu mwaka wa masomo huanza Septemba na kuisha Julai. Kenya huanza Januari, una mihula mitatu, na lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Familia inayohama Agosti hukuta watoto wa huko wanaelekea muhula wa mwisho. Mtoto aliyesoma kwa Kifaransa huenda akarudishwa darasa moja, au akangoja Januari. Tarehe ya kuhama ichaguliwe kwa kuitazama kalenda hiyo, ikiwezekana Novemba au Desemba.

Shule za mtaala wa Kifaransa zipo chache, kama Lycée Denis Diderot, lakini minervali yao ni mzigo usiobebeka kwa mshahara tulioutaja. Njia ya wengi ni kumtafutia mtoto mwalimu wa Kiingereza miezi sita kabla ya safari. Buletini zote zichukuliwe na zitafsiriwe. Na mtoto aliye darasa la mwisho la sekondari, mwacheni kwanza amalize na apate diploma ya serikali. Kumng'oa miezi michache kabla ya mtihani ni kumpotezea miaka sita.

Wale wanaobaki

Anayekwenda ng'ambo huhesabiwa kuwa tajiri siku ile ile. Matanga, mahari, hospitali, deni la mjomba: kila ombi ni la haki, na yote pamoja hayabebeki. Benki zilipofungwa Goma na Bukavu mwaka 2025, wengi walizoea kutuma pesa kwa simu, na kila mara ya kutuma ina malipo yake. Ni vema kutuma mara moja kwa mwezi kuliko mara tano.

Dawa nzuri kuliko zote ni kikao cha jamaa kabla ya kuondoka. Mwambieni baba mkubwa, shangazi na ndugu wote, namba zikiwa wazi: mshahara wa mkononi ni huu, nyumba ni hii, masomo ni haya, tutakachoweza kutuma ni hiki, na kwa miezi sita ya kwanza huenda hatutatuma kitu. Kikao hicho ni kigumu. Lakini ni afadhali kusemezana uso kwa uso nyumbani kuliko kuacha kupokea simu baadaye.

Mmoja atangulie?

Familia nyingi huamua mwajiriwa aende peke yake kwanza, akodi chumba kimoja, ajue mtaa, aweke garanti na minervali, kisha awaite wengine. Kwa pesa, njia hii ni nzuri. Lakini utengano nao una gharama: nyumba mbili za kulisha, watoto wasiomwona mzazi, majaribu ambayo wachungaji wetu wanayajua vizuri. Anayetangulia na aweke tarehe ya familia kufuata, isipite miezi sita, na tarehe hiyo ijulikane kwa mchungaji na kwa jamaa. Asafiri na barua ya utambulisho ya kanisa, aipeleke Jumapili ya kwanza. Mara nyingi kupitia kanisa ndipo hupatikana nyumba ya uaminifu, godoro la kuazima na mtu wa kumpeleka mtoto hospitali usiku.

Hesabu ikikamilika, huenda mkaona njia iko wazi. Nendeni kwa moyo mtulivu. Huenda pia mkaona kwamba mshahara hautoshi. Basi mrudieni mwajiri mkiwa na karatasi mkononi. Akikataa, kubaki Butembo au Bukavu pamoja na shamba, meza ya mama na watoto wakiendelea na masomo yao si aibu wala si kukosa imani.