UZI: "Wasiojua kusoma wasipige kura." Hii ilishawahi kuwa sheria ya Kenya

1. Kila uchaguzi ukianza kunukia, kuna hoja hurudi huku mtandaoni kama malaria: nchi inaangushwa na wapiga kura wasiosoma, kwa hivyo mtu afanyiwe mtihani kidogo kabla ya kupewa karatasi ya kura. Watu wanacheka, wanasambaza, tunasonga. Mimi nasomea sayansi ya siasa, na kinachonisumbua ni kwamba wanaoitoa wanadhani ni wazo jipya. Lilishakuwa sheria hapa kwetu. Kaeni kidogo tupitie historia yake, manake ndani yake kuna deni ambalo halijalipwa mpaka leo.

2. Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa 8. Lakini si kila mtu mzima aliruhusiwa. Serikali ya mkoloni iliweka vigezo: elimu, kipato, mali, umri na kadhalika. Ukitimiza kigezo, unapata kura. Ukitimiza zaidi, unaongezewa, hadi kura 3 kwa mtu mmoja. Na kama wewe ni Mkikuyu, Muembu au Mmeru, ilibidi kwanza uthibitishe uaminifu wako kwa serikali, manake hali ya hatari ilikuwa bado inaendelea.

3. Sasa jiulize: hiyo elimu ilikuwa inapatikana wapi? Shule nyingi za Waafrika zilikuwa mikononi mwa wamishonari, na zilizopita madarasa ya chini zilikuwa chache mno. Huko Kati wazazi walikuwa wamejijengea shule zao za kujitegemea. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ikazifunga. Haijapita miaka mitano, serikali hiyohiyo inamuuliza mzazi aliyebeba mawe ya kujenga hiyo shule: cheti chako cha elimu kiko wapi?

4. Katika uchaguzi wa 1961 mlango ulipanuliwa. Ungeweza kupiga kura ukijua kusoma na kuandika lugha yako, au ukiwa umepita miaka 40, au ukiwa na kipato au cheo fulani. Mei 1963 vigezo hivyo vikaondoka: mtu mzima mmoja, kura moja. Watu wazima wengi wa wakati huo hawakuwa wanajua kusoma, na kura zao ndizo zilizoweka serikali ya uhuru. Kwa hivyo mtu akisema asiyesoma hawezi kuamua jambo zito la nchi, muulize huo uhuru anaofurahia uliamuliwa na nani.

5. Serikali mpya ikataja maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Hebu tusimame hapo kwa hilo neno la kwanza. Ujinga ni kutojua tu, lakini jaribu kumwita mtu mjinga sokoni uone kama utatoka salama. Kwa hivyo tangu mwanzo, mtu ambaye hakuwahi kufundishwa herufi alitiwa kapu moja na mpumbavu. Mwaka wa 1966 Bunge likapitisha sheria ya kuunda Bodi ya Elimu ya Watu Wazima. Kwenye karatasi mambo yalikuwa sawa. Walimu na pesa ndivyo vilivyochelewa njiani.

6. Desemba 1978, siku ya Jamhuri, rais aliyekuwa ametoka tu kuingia madarakani akatangaza vita: watu wazima wote wafundishwe kusoma, na kazi iishe kwa miaka michache. Mwaka wa 1979 ikaundwa idara nzima ya elimu ya watu wazima. Walimu wa kudumu karibu 3,000 wakaajiriwa. Madarasa yakafunguliwa makanisani, shuleni jioni, chini ya miti. Mwaka huo peke yake watu zaidi ya laki nne walijiandikisha, wengi wao akina mama. Yeyote anayekwambia kwamba "hawa watu hawataki kusoma" mwonyeshe hiyo nambari.

7. Mashinani madarasa hayo yaliitwa ngumbaru. Nyanya yangu, kule Mwingi, alikuwa mmoja wa hao wanafunzi. Alijifunza kuandika jina lake, kufanya hesabu za sokoni, na kusoma polepole kwa Kikamba. Kisha mwalimu akaacha kuja, na hakuna aliyefika kueleza kwa nini. Nyumbani hakukuwa na gazeti wala kitabu, ila Biblia ya maandishi madogo, na herufi zisipotumiwa hutoroka. Leo anaweza kuandika lile jina, basi. Yeye hutaja ngumbaru kwa fahari. Sisi shuleni tulikuwa tunalisikia kama tusi la mtu aliyeshika mkia.

8. Huyo mwalimu hakuwa peke yake. Kufikia mwisho wa miaka ya tisini, wanafunzi wa ngumbaru nchi nzima walikuwa wamebaki kama laki moja hivi. Miaka ya themanini na tisini serikali ilikuwa inabana matumizi kwa masharti ya wakopeshaji wa nje. Uajiri ukasimamishwa, mwalimu akistaafu pengo linabaki, na kazi ikaachiwa watu wanaolipwa posho ndogo au wasiolipwa kabisa. Kampeni ilianza kwa tangazo la mkutano wa hadhara. Lakini tangazo hufanya kazi mwaka wa kwanza; mwaka wa kumi unataka bajeti.

9. Jirani zetu wana somo hapa. Tanzania mwaka wa 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakuwa wanajua kusoma. Wakafanya kampeni kubwa ya kisomo, wakatumia Kiswahili, wakatoa vitabu vya kilimo, afya na uvuvi ili mtu apate cha kusoma kinachomhusu. Kufikia 1986 takwimu za serikali yao zilikuwa zinataja chini ya asilimia 10. Kisha pesa zikapungua huko pia, na sensa ya 2002 ikakuta karibu watu wazima 3 kati ya 10 hawajui kusoma. Kisomo ni kama shamba: palizi ikikoma, magugu hayangoji.

10. Turudi nyumbani. Januari 2003 shule za msingi zikawa bila karo, na wanafunzi wakaongezeka kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Mwaka uliofuata, mzee Kimani Maruge, mkongwe wa Mau Mau mwenye miaka 84, akajiunga na darasa la kwanza Eldoret. Alitaka kujisomea Biblia mwenyewe na kuhesabu pesa zake mwenyewe. Mwaka wa 2005 akapelekwa New York kuzungumza kwenye Umoja wa Mataifa. Tulimpenda sana yule mzee, filamu ikatengenezwa. Lakini swali la wenzake waliobaki nyumbani likapita hivihivi.

11. Walikuwa wangapi hao wenzake? Mwaka wa 2006 shirika la takwimu la serikali lilifanya utafiti wa kitaifa kwa watu wa miaka 15 kwenda juu. Waliojua kusoma na kuandika: asilimia 61.5. Wasiojua: milioni 7.8. Nairobi ilikuwa asilimia 87.1. Kaskazini Mashariki ilikuwa asilimia 8. Nane! Nchi moja, katiba moja, wimbo wa taifa mmoja. Ukiiangalia hiyo ramani utaona kwamba kutojua kusoma kunafuata barabara, shule na maji yalikokosekana. Hakufuati akili za watu.

12. Na kuna nambari nyingine katika utafiti huo ambayo haitajwi sana, nami naona ndiyo nzito kuliko zote. Watu walipewa mtihani halisi. Waliofikia kiwango cha umahiri kilichotakiwa, yaani kusoma kitu na kukitumia, walikuwa asilimia 29.6. Makadirio ya miaka ya karibuni yanapita asilimia 80, lakini kujua kusoma jina la duka si sawa na kusoma mkataba wa mkopo ukaona mahali ulipofungwa. Kwa hivyo ule mtihani mnaotaka kwenye lango la kituo cha kura ungewaacha nje watu wengi sana waliomaliza shule.

13. Msidhani nasema wazee tu. Miaka ya 2010 ripoti za Uwezo zilikuwa zinarudia jambo moja: katika watoto 10 wa darasa la tatu, kama watatu tu ndio walioweza kazi ya darasa la pili. Hesabu miaka. Hao watoto ni rika langu. Tuko kwenye sajili ya wapiga kura sasa hivi, tuna simu, tuna maoni, na baadhi yetu tunasambaza habari kwa kusoma kichwa na kuangalia picha. Mwenye kumcheka bibi anayeweka kidole gumba aanze kwanza na kusoma chote anachosambaza.

14. Sasa sheria ya leo inafanya nini na mtu asiyesoma? Tuna alama na picha kwenye karatasi za kura. Kura ya maamuzi ya 2005 ilikuwa ndizi na chungwa. Ya 2010 ikawa rangi ya kijani na nyekundu. Kanuni za uchaguzi za 2012 zinamruhusu asiyejua kusoma aje na mtu anayemwamini amsaidie. Akija peke yake, msimamizi wa kituo anamsaidia mbele ya maajenti wa wagombea. Yaani ile kura ya siri inayotajwa kwenye Kifungu cha 81 cha Katiba, kwake inasikika na chumba kizima.

15. Agosti 9, 2022 mimi ndiye niliyemsaidia nyanya. Nilijaza fomu, nikatoa tamko la kutunza siri. Karatasi ya urais aliitambua kwa picha. Zile nyingine tano zilikuwa na majina mengi, wagombea huru, nyuso alizoziona mara moja kwa bango la barabarani. Akawa ananitajia jina kwa sauti ya chini, nami naweka alama. Kila karatasi aliuliza: umeweka pale nimesema? Nilikuwa nimeweka. Lakini ushahidi wake ulikuwa neno langu tu. Mgombea yeyote mwenye pesa anajua kwamba neno la msaidizi linaweza kununuliwa kwa bei rahisi.

16. Kuna na ule mjadala wa upande wa pili, wa digrii kwa wabunge. Sheria iliweka sharti, na 2022 Mahakama Kuu ikalitupilia mbali. Najua wengi mlikasirika. Lakini tazama muundo wa mjadala: ni tumfungie nani mlango, mpiga kura ama mgombea? Kuanzia 1957 tumekuwa hodari wa kupanga nani asiingie. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya elimu. Kimesema kila mtu. Hakikuandika "kila mtoto", manake mtoto ana Kifungu chake, cha 53. Sasa hiyo haki ya mtu mzima inadaiwa kwa nani?

17. Tena tusisahau lugha. Kiswahili ni lugha rasmi, lakini miswada mingi inaandikwa na kujadiliwa kwa Kiingereza cha mawakili. Mwaka wa 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, vijana waliutafsiri kwa lugha zetu nyingi na kuueleza kwa video fupi. Watu wasiowahi kushika mswada wakaanza kuuliza kuhusu kodi ya mkate. Hawakuwa wamepata akili mpya usiku mmoja. Walikuwa wamefikiwa kwa lugha wanayoielewa. Kazi hiyo ilifanywa na vijana kwa bando zao wenyewe, ilhali ushirikishaji wa umma ni jukumu la Bunge.

18. Kwa hivyo 2027 wakija na fulana na unga, tuwe na maswali matatu. Mgombea ubunge: utatetea shilingi ngapi za walimu wa ngumbaru kwenye bajeti ya kitaifa? Mgombea ugavana: Katiba imeipa kaunti kazi ya maktaba, je, katika wadi zetu maktaba iko wapi? Na wote wawili: mswada utakaotugusa utaletwa kwa barazani ukiwa kwa lugha gani? Anayeshindwa kujibu hayo halafu analalamika kuhusu wapiga kura wasiosoma, ujue hali hiyo inamfaa.

19. Kama kwenu kuna darasa la ngumbaru ambalo bado linaendelea, andika hapo chini wadi na siku wanazokutana. Kama lilikuwepo likafa, andika pia lilikufa mwaka gani. Nitayakusanya majibu niyaweke pamoja, tuwe na orodha ya kuwaonyesha wakija kuomba kura.