Kisamvu cha Mpira: Misimu ya Majaribio ya Muhogo Amani

Kwa mpishi wa Tanga kisamvu ni cha aina mbili. Kipo cha muhogo, kinachochumwa shambani, na kipo cha mpira, kinachochumwa kwenye mti mrefu uliosimama mpakani mwa kiwanja. Vyote hutwangwa, vikachemshwa sana, vikatiwa nazi. Mti wa kisamvu cha mpira ni ndugu wa muhogo, ila chini hauna cha kuchimba. Asili yake ni Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazili. Walowezi wa Kijerumani waliupanda katika mashamba makubwa kwa ajili ya utomvu wake, na mwaka 1913, mpira wa Asia ulipoangusha bei, mengi ya mashamba hayo yaliachwa yakawa vichaka.

Zaidi ya miaka ishirini baadaye mti huo ulioachwa uliingizwa katika jaribio la mbegu huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Kizazi chake kilivuka bara hadi Nigeria, kikarudi Uganda wakati wa njaa. Amani husimuliwa zaidi kwa bustani yake ya mimea na nyumba zake za kale. Mimi naona urithi wake mkubwa uko ardhini, katika mashina ya mihogo, na wengi wanaoila mihogo hiyo hawajapata kulisikia jina la Amani.

Kituo kilianzishwa mwaka 1902, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Franz Stuhlmann. Kabla yake palikuwa na shamba la majaribio la Kwai, Usambara Magharibi, lililofunguliwa mwaka 1896. Amani iko kwenye kimo cha mita 900 hivi, penye msitu na mvua nyingi, na Wajerumani walileta humo mimea ya kila pembe ya nchi za joto: miti ya kwinini, kahawa, kafuri, viungo, mbao na mipira ya namna kadhaa. Jaribio la siku hizo lilikuwa jambo jepesi kulieleza. Mmea ulipandwa, ukaangaliwa. Ukistawi, ulisambazwa, ukifa, uliandikwa kuwa umekufa. Ndivyo hata mkonge ulivyoingia mwaka 1893, kabla ya kuwapo kituo chochote, pale Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai Pangani ilikuwa 62 tu, na kwa hiyo 62 nchi nzima ikawa nchi ya mkonge.

Miaka hiyohiyo lilifanywa jambo jingine lililoitwa jaribio, nalo halikustahili jina hilo. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Kijerumani iliwalazimisha watu wa pwani na kusini kulima mashamba ya pamoja ya pamba. Hakuna aliyewauliza wakulima kuhusu udongo wala mvua zao, na kazi ya pamba iliwafika wakati uleule ambapo chakula chao kilihitaji mikono. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 vilianzia katika mashamba ya namna hiyo. Anayeandika historia ya utafiti wa mazao katika nchi hii hana haki ya kuipita habari hiyo kimya.

Muhogo haukuwa zao la heshima machoni pa wakoloni. Ulikuwa chakula cha watu, bada na makopa, na ulitazamwa pale tu ulipougua. Mwaka 1894 Otto Warburg aliandika juu ya ugonjwa wa kukunjamana kwa majani ya mihogo ya Usambara, huu tunaouita leo batobato. Mwaka 1906 Albrecht Zimmermann, aliyekuja baadaye kuwa mkurugenzi wa Amani, aliuchunguza. Hakuona kuvu wala bakteria, akahisi kwamba kisababishi ni kitu kidogo kuliko uwezo wa darubini yake. Hisia yake ilikuwa sahihi, lakini hakuwa na njia ya kuithibitisha. Ikaja vita ya mwaka 1914, na kituo kikageuzwa kiwanda cha kutengenezea kwinini, sabuni na mahitaji mengine ya jeshi lililozingirwa. Waingereza walipoichukua nchi waliiacha Amani ilale miaka kadhaa, hadi ilipofufuliwa mwaka 1927 chini ya William Nowell ili itumikie Afrika Mashariki yote.

Mwaka uliofuata alifika Harold Haydon Storey kutoka Afrika Kusini, mtu aliyekwisha kuonyesha kwamba ugonjwa wa milia ya mahindi husambazwa na mdudu mdogo mrukaji. Hapo ndipo nyumba ya kioo ilipopata kazi. Shamba la wazi lina sauti nyingi kwa wakati mmoja: mvua, udongo, wadudu, upepo, mkono wa mpaliliaji. Ndani ya kioo na nyavu mtafiti huweza kunyamazisha zote isipokuwa moja. Storey aliwalea wadudu wale kizazi baada ya kizazi, akagundua kwamba wengine huweza kubeba ugonjwa na wengine hawawezi, na kwamba uwezo huo hurithiwa. Kisha akafanya jambo ambalo bado linanishangaza. Alichukua wadudu wasioweza, akawatoboa utumbo kwa sindano nyembamba, nao wakaanza kuambukiza. Mlango uliokuwa umefungwa ulikuwa ukuta wa utumbo. Fikiria utulivu wa mkono unaotakiwa kumtoboa mdudu asiyefika urefu wa punje ya mchele, akabaki hai, akala tena jani.

Kwa muhogo alitumia njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kubebesha: kikonyo cha shina gonjwa kinaunganishwa na shina zima, halafu inasubiriwa. Ya pili ilikuwa nzi weupe, wale wadudu wadogo wanaotimka kama unga ukitikisa jani la muhogo. Yeye na mwenzake R. F. W. Nichols walitoa matokeo yao mwaka 1938, wakaonyesha kwamba nzi hao huambukiza batobato kupitia majani machanga tu, na kwamba virusi vyenyewe vina aina kali na aina pole. Kabla ya hapo, mwaka 1936, Storey alikuwa ameueleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa pili, michirizi ya kahawia.

Michirizi ya kahawia haiwezi kueleweka ndani ya kioo peke yake. Batobato hujitangaza juani: jani limekunjamana, lina mabaka ya manjano, mtoto anaweza kukuonyesha. Michirizi huacha majani yakiwa na umanjano hafifu, pengine usionekane kabisa, na huku chini inaozesha. Mkulima anachimba muhogo mnene mzuri, anaukata, anakuta nyama ngumu ya rangi ya kutu. Kwa hiyo jaribio halitoi jibu mpaka siku ya kuvuna, na muhogo uliopandwa na mvua za masika hukaa ardhini miezi tisa, kumi na miwili, hata kumi na minane. Fadhila kubwa ya zao hili kwa familia maskini ni kwamba shamba ndilo ghala. Unachimba wa leo, wa kesho unabaki udongoni. Ugonjwa huu umeishambulia fadhila hiyohiyo, kwa sababu kadiri muhogo unavyokaa ndivyo unavyozidi kuoza, na watu wamelazimika kuchimba mapema mihogo isiyokomaa. Nichols aliona pia kwamba ni ugonjwa wa nchi za chini, wa pwani na mabonde, hivyo shamba la Amani, kwenye ubaridi wake, lisingeweza kuwa hakimu pekee.

Walikusanya mihogo ya nchi nyingi, wakaipanda bega kwa bega na ile ya wenyeji. Hakuna hata mmoja uliokuwa salama kweli. Ndipo walipoigeukia jamaa ya mwitu, na katika jamaa hiyo wakauchukua mti wa mpira wa Ceará.

Kuchanganya mihogo ni kazi ya mikono na ya subira. Ua la kike hufunguka kabla ya la kiume katika kikonyo kilekile. Lazima lifunikwe kabla mdudu hajalifikia, lipakwe chavua iliyochaguliwa, lifunikwe tena. Tunda likiiva lina mbegu tatu. Kila mbegu ni mtoto mwenye tabia zake, tofauti na nduguye. Inaota, inakua, inakatwa pingili kumi hivi, pingili zinapandwa msimu unaofuata, na hapo ndipo unapoanza kujua kama umepata kitu. Kizazi cha kwanza na mti wa mpira kilikuwa na nguvu dhidi ya virusi, lakini mizizi yake haikuwa chakula. Ikabidi kiozwe tena na muhogo, na watoto wake tena, na wajukuu tena, mara tatu, na kila mara wachaguliwe wachache waliobaki na kinga huku wakirudisha mizizi ya kuliwa. Kazi hiyo ilianza mwaka 1937. D. L. Jennings aliipokea kutoka kwa Nichols, na ilifungwa mwaka 1957. Miaka ishirini ya kupanda, kungoja na kung'oa, na sehemu kubwa ya mimea iliyong'olewa ilikuwa ya kutupwa.

Majina niliyoyataja ni ya waliotia saini ripoti. Hayumo aliyechimba mashimo kwenye miteremko ile yenye utelezi, wala aliyefunga vifuko kwenye maua alfajiri, wala aliyekata muhogo wa elfu moja na kusema huu nao umeoza. Walikuwa wengi, wengine wazawa wa milima hiyo, wengine waliotoka mbali kutafuta kazi. Ripoti ziliwahesabu kama vibarua. Jicho la mtu aliyelima muhogo tangu utotoni lilikuwa chombo cha utafiti sawa na darubini, na naona ni dhuluma kwamba darubini zimeandikiwa historia na macho hayo hayakuandikiwa.

Mwaka 1948 utafiti wa kilimo wa Afrika Mashariki ulipewa makao mapya Muguga, karibu na Nairobi, na majengo ya Amani yakaingia mikononi mwa watafiti wa malaria. Lakini mbegu zilisafiri. Kutoka kwenye mmea wa Amani wenye namba 5318/34 zilipelekwa mbegu Ibadan, Nigeria, na huko ukachaguliwa muhogo ulioitwa 58308. Ulikuwa na kinga nzuri na mavuno madogo, ukabaki kwenye vitalu bila sifa. Kuanzia mwaka 1971 Sang Ki Hahn, mtafiti kutoka Korea, aliuoza na mihogo mingine katika taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto hapo Ibadan, na katika uzao huo ukatoka TMS 30572.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ililipuka katikati ya Uganda. Virusi viwili vilikuwa vimechanganyika na kuzaa cha tatu, nacho kilisonga kusini kilomita 20 hivi kwa mwaka. Watu waliacha kulima muhogo, na sehemu nyingine njaa iliua. Ugonjwa ukafika magharibi mwa Kenya, kisha Kagera. Katika mihogo iliyosimama mbele yake mmojawapo ulikuwa TMS 30572, ambao Uganda iliuita Nase 3 na wakulima wakauita Migyera. Mjukuu wa Usambara alikuwa amerudi nyumbani kwa njia ya Nigeria.

Dhidi ya michirizi ya kahawia Amani ilikuwa imeacha mmea mwingine, namba 46106/27. Pwani ya Kenya ulilimwa ukapewa jina la Kaleso. Kusini mwa Tanzania, huko ambako watafiti wa Naliendele, Mtwara, wamepambana na ugonjwa huu kwa miaka mingi, palikuwa na muhogo wa wenyeji uitwao Namikonga, unaooza kwa nadra pale ambapo jirani yake Albert huharibika kabisa. Wengi waliuhesabu kuwa mbegu ya kienyeji. Katika karne hii vinasaba vya Namikonga na Kaleso vililinganishwa, vikaonekana ni vya mmea mmoja. Namba ilikuwa imesahaulika njiani, pingili zikapita mkono kwa mkono, jirani akampa jirani. Na mwaka 2016, wasomaji wa vinasaba vya mihogo ya Afrika walikuta vipande virefu visivyo vya muhogo ndani yake, vipande vya mti uleule ambao Tanga huchumwa kisamvu.