Mkaribiano wa Masafa: Mtumbwi, Mlima na Mahali pa Kusimama

Kila mpigapicha wa majini anaitamani picha hii: tanga jeupe mbele, na nyuma yake safu ya milima yenye theluji, mikubwa kiasi kwamba chombo kinaonekana kukata maji chini kabisa ya mteremko. Watu wa pwani za Alaska na Norway wanaipata nyumbani, kwa sababu huko milima ya theluji inashuka mpaka baharini. Sisi wa Kivu Kaskazini tunavyo viungo vya picha hiyo, ila vimetawanyika. Barafu ya kudumu iko Rwenzori, ambako kilele cha Margherita kina mita 5109. Wavuvi wa Kyavinyonga, kwenye Ziwa Edward, wako zaidi ya kilomita 50 kutoka hapo. Ziwa Kivu lina mitumbwi ya sambaza, ile inayofungwa mitatu pamoja kwa miti mirefu, na kaskazini mwake inasimama milima ya volkeno ya Virunga. Karisimbi, yenye mita 4507, huvaa weupe kwa muda baada ya dhoruba ya baridi, na jina lake huhusishwa na isimbi, kombe jeupe.

Anayetaka kuweka mtumbwi na mlima katika picha moja, mlima uonekane na ukubwa wake wote, anahitaji kulielewa jambo moja la kiufundi. Kila mpigapicha hulitaja anavyojua: mmoja anasema lenzi ndefu “imebana” picha, mwingine “imevuta” mlima, na mwingine hukopa neno la Kifaransa. Makala hii inapendekeza jambo hilo liitwe mkaribiano wa masafa, na inaeleza kwa nini jina hilo ni bora kuliko yale mengine.

Maana yake ni hii: mkaribiano wa masafa ni hali ya vitu vilivyo mbali kimoja na kingine kuonekana katika picha kana kwamba viko karibu karibu, kwa sababu mpigapicha amesimama mbali na kitu cha mbele. Sehemu ya mwisho ya maelezo hayo ndiyo inayosahauliwa, na ndiyo yenye uzito.

Tuchukue hesabu ya Goma, mji ulio ufukweni mwa Ziwa Kivu. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita 1460 hivi, na volkeno ya Nyiragongo ina mita 3470. Kwa hiyo mlima unapanda kama mita 2000 juu ya maji, nao uko kama kilomita 20 kutoka ufukweni. Sasa mvuvi asimame ndani ya mtumbwi, na kichwa chake kiwe mita 2 juu ya maji. Ukiwa mita 20 kutoka kwake, mvuvi na mlima wanalingana kimo machoni mwako: mita 2 kwa umbali wa mita 20 ni uwiano uleule wa mita 2000 kwa umbali wa mita 20,000. Rudi nyuma mpaka uwe mita 200 kutoka kwake. Mvuvi amepungua mara kumi. Mlima haujapungua kwa kiasi ambacho jicho linaweza kukiona, maana mita 180 si kitu mbele ya kilomita 20. Sasa Nyiragongo ina kimo mara kumi ya mvuvi.

Hayo yote yametokea kabla kamera haijatolewa mfukoni. Lenzi inaingia mwishoni. Mahali pa kwanza ungeweza kutumia lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 24. Mahali pa pili, ukitumia ya milimita 240, mvuvi anarudi kwenye ukubwa aliokuwa nao katika picha ya kwanza, na mlima unaijaza picha. Mtazamaji anaona mvuvi yuleyule na mlima uliokua mara kumi, kisha anaisifu lenzi. Lakini lenzi haikubadilisha uwiano wa mvuvi na mlima hata kidogo. Ilichofanya ni kuchagua kipande kidogo cha mandhari na kukikuza.

Uthibitisho ni rahisi. Baki pale penye mita 200, piga picha kwa ile lenzi ya milimita 24, kisha kata kipande cha katikati na ukikuze. Kitapoteza ung'avu, lakini mvuvi na mlima watalingana sawasawa na katika picha ya lenzi ndefu. Umbali wa kusimama ndio uliopanga uwiano.

Ndiyo sababu neno “mbano” halifai. Linataja tendo, na tendo linadai mtendaji. Msomaji atamtafuta, naye atamkuta kwenye lenzi. “Mgandamizo” lina kasoro hiyohiyo, na tayari lina kazi katika fizikia ya hewa na katika kupunguza ukubwa wa mafaili ya kompyuta. “Kuvuta” ni neno zuri la kazi nyingine: hutaja kukuza picha kwa kuzungusha lenzi au kutanua vidole kwenye kioo cha simu, na tuliache huko. “Mkaribiano” linatokana na kukaribiana, kitenzi ambacho vitu viwili hutendeana vyenyewe machoni mwa mtazamaji. Halimbebeshi mtu wa tatu sifa isiyo yake. “Masafa” ni nafasi iliyo kati ya mahali na mahali. Ni kweli kwamba mafundi wa redio hulitumia kwa mawimbi, lakini hakuna atakayechanganya mawimbi na mtumbwi.

Istilahi njema hupimwa pia kwa uzazi wake. Kutokana na hii tunasema: masafa yamekaribiana, punguza mkaribiano, songa mbele. Na kinyume chake kinapatikana bila kutafutwa: mtengano wa masafa, yaani hali ya mlima kuonekana mdogo na wa mbali kwa sababu mpigapicha amesogelea mno mtumbwi.

Vittorio Sella, mpigapicha wa milimani kutoka Italia, alizijua aina zote mbili za mandhari tunazozizungumzia. Mwaka 1897 alifuatana na Duke wa Abruzzi hadi Mount Saint Elias, mlima wa mita 5489 unaoinuka karibu na bahari ya Alaska. Mwaka 1906 alikuwa tena na msafara wa Duke huyo, safari hii Rwenzori. Picha za Rwenzori za mwaka huo zimetumika baadaye kulinganisha barafu ya zamani na ya leo, na ulinganisho huo umeonyesha jinsi barafu ilivyoyeyuka. Anayetaka kurudia picha ya namna hiyo anatafuta kwanza mahali palepale aliposimama mpigapicha wa awali. Akisimama kwingine, vilele vitapangana kwa uwiano mwingine, na hakuna lenzi itakayomsaidia.

Mkaribiano una gharama zake. Kati ya mvuvi na Nyiragongo kuna kilomita 20 za hewa yenye vumbi, moshi na mvuke, na lenzi ndefu inaikuza hewa hiyo pamoja na mlima. Asubuhi baada ya mvua ya usiku hufaa zaidi kuliko mchana wa kiangazi. Ukali wa picha pia unadai uangalifu: kwa lenzi ya milimita 240 na fokasi kwenye mtumbwi ulio umbali wa mita 200, tundu la f/11 huweza kumshika mvuvi na mlima pamoja. Na penye theluji, kipimo cha mwanga cha kamera hudanganyika, kwa kuwa kimetengenezwa kikidhani dunia ni ya kijivu. Ongeza stopu moja hadi mbili, la sivyo weupe utatoka kama majivu.

Nalijali neno hili kwa sababu kubwa kuliko uzuri wa picha. Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, na lava ikapita mjini Goma hadi ziwani. Ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Picha zilizopigwa kutoka mbali kwa lenzi ndefu zinaweza kuonyesha mlima uliojaa moto ukiinamia mapaa ya nyumba, na anayezitazama akiwa Kinshasa au Brussels, mwenye ndugu mjini, atahesabu umbali kwa macho na kukosea. Hivyo hivyo kambi za waliohama makwao huko Masisi: mahema yaliyoachana kwa hatua kadhaa huonekana yamelaliana. Mpigapicha hakudanganya, ila mtazamaji anahitaji kujua masafa yamekaribiana kiasi gani. Maelezo ya picha yanaweza kumwambia hivyo kwa maneno mawili, ikiwa maneno hayo yapo na yanafahamika.

Tena ni neno linalofundishika bila fedha. Lushebere, huko Masisi, haina ziwa wala theluji. Ina malisho, ng'ombe na migongo ya vilima inayofuatana hadi upeo. Mwanafunzi mwenye simu ya kawaida anaweza kumpiga picha ng'ombe kutoka hatua 10, kisha kutoka hatua 60, na picha ya pili akaikata mpaka ng'ombe alingane na yule wa kwanza. Kilima cha nyuma kitakuwa kimeinuka juu ya mgongo wa ng'ombe. Atakuwa ameelewa jambo ambalo wauza lenzi hawamwelezi. Na siku akishuka Bweremana, ambako Masisi inagusa Ziwa Kivu, atajua pa kusimama ili mtumbwi na mlima vipate uwiano anaoutaka.

Walimu wa upigaji picha, wahariri na watunzi wa kamusi wanaombwa walijaribu neno hili kazini, kwa mpangilio huu: kwanza mahali pa kusimama, kisha lenzi. Likishikwa hivyo, kijana asiye na uwezo wa kununua lenzi ya bei kubwa hataambiwa tena kwamba picha ya mlima si ya kwake.