Mbwa wa Zambezia

Mwaka 1987 askari wetu wapatao 3,000 walikuwa Zambezia, Msumbiji, wakipambana na Renamo. Wanavijiji walikimbilia Malawi. Mbwa wakabaki, wakiwafuata askari kambini.

Mwisho wa 1988 mjomba alirejea kwetu Msimbati, karibu na mdomo wa Ruvuma, na mtoto wa mbwa ndani ya mfuko. Bibi, mtu wa swala, alikataa: “Mate yake najisi, mwanangu.” Mjomba hakubishana. Alijenga kibanda cha makuti chini ya mkorosho, akawa analala huko naye. Sisi watoto tulidhani vita imemharibu akili.

Miaka mingi baadaye tulizuru makaburi ya mashujaa, Naliendele. Akanitajia jina la mwenzake. “Huyo ndiye aliyemwokota,” akasema. “Mimi nilimbeba tu.”