Nani anabisha hodi usiku?

Mwenzenu nimekuwa kimya wiki nzima, na sababu yake ni ruta iliyo juu ya kabati hapa nyumbani Malindi. Nilikuwa naandika habari ya kiwanja, habari ambayo kuna wakubwa wasingependa itoke, na usiku mmoja nikafungua daftari la ngome ya ile ruta. (Ngome ndiyo ile kinga ya kuzuia wasiotakiwa. Sisi wa Mji Mkongwe neno hilo tunalijua kabla ya kompyuta.) Nikakuta mistari chungu nzima ya watu wanaojaribu kuingia, anwani za nchi nisizowahi kufika. Usingizi ukakata. Nikajua: wamenijia.

Halafu nikafanya jambo la aibu. Nikamwita kijana wa jirani, fundi simu pale Darajani, kwa sababu niliwahi kumpa neno la siri la waifai. Nikamsema kibarazani, watu wanasikia. Yeye akajibu tu: "Kaka, hebu nionyeshe hiyo orodha."

Wakati anasoma, akili yangu ilikwenda Shangani. Pale kuna nyumba ya zamani ya kampuni ya simu za maandishi, leo ni sehemu ya hoteli ya Serena. Waya wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879, ukitokea Aden na kuendelea Msumbiji mpaka Durban. Mwaka huohuo, kabla haujakamilika, Wazulu waliwapiga Waingereza Isandlwana tarehe 22 Januari na London hawakujua mpaka 11 Februari. Baada ya waya, mambo yakawa mengine. Agosti 1896 Seyyid Khalid bin Barghash alipoikalia Beit al-Hukm, ruhusa ya kutumia nguvu ilitoka London kwa waya, na asubuhi ya tarehe 27 mizinga ikalia. Ukiunganishwa na dunia, na dunia nayo imeunganishwa nawe.

Tena tangu zamani waya umekuwa ukileta visivyotumwa na mtu. Septemba 1859 jua lilifanya vurugu kubwa, na makarani wa Ulaya na Marekani wakaona mitambo inacheza yenyewe na cheche zinaruka. Nao, nadhani, wapo waliotafuta mchawi.

Basi kijana akaanza kunisomesha. Mistari mingi niliyoiogopa ilitoka mlango namba 53. Hao si wezi, ni majibu. Kompyuta yangu iliuliza tovuti fulani iko anwani gani, jibu likachelewa, ruta ikawa imeshasahau swali, ikaandika "shambulio". Nimeuliza mwenyewe, nikajishtaki mwenyewe!

Mlango 445 ni mabaki ya akina Conficker wa 2008 na WannaCry wa 2017, na watu wanaotafuta kompyuta ambazo bado hazijazibwa. Mdudu Slammer, Januari 2003, alikuwa na baiti 376 tu, akaenea kwa wengi wa aliowaweza ndani ya dakika kumi. Na tangu 2013 ipo programu iitwayo ZMap, inayoweza kugonga anwani zote za intaneti za mtindo wa zamani, kama bilioni nne, chini ya saa moja kwa kompyuta moja yenye laini nzuri. Hapo hakuna aliyeichagua Malindi wala mwandishi wa habari. Ni mtu anayepita uchochoroni akisukuma kila mlango.

Nikaanza kupumua. Kijana hakupumua. Alikuwa amesimama kwenye mistari ya mlango 23. "Kaka, hii inaanza na 192.168. Hii haitoki nje. Inatoka humu ndani kwako."

Ilikuwa ile kamera ya mlangoni, niliyoinunua kwa ajili ya usalama. Sikuwahi kubadilisha neno la siri la kiwandani. Mwaka 2016 mdudu aitwaye Mirai alikusanya kamera na ruta za namna hiyo kwa kujaribu orodha fupi tu ya maneno ya siri ya kiwandani, na tarehe 21 Oktoba jeshi lake likaiangusha kampuni ya Dyn, tovuti kubwa za Marekani zikapotea kwa saa kadhaa. Programu yake ilikwisha mwagwa hadharani, na vizazi vyake vinatembea mpaka leo. Kamera yangu ndiyo ilikuwa ikibisha hodi kwa watu usiku kucha. Pengine kuna mtu kwao huko aliona anwani ya Unguja akakosa usingizi.

Mdudu huyo hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Ukizima kifaa anakufa, lakini ukikiwasha na neno lilelile la siri anaweza kurudi baada ya dakika chache. Tukaitoa kamera kwenye mtandao, tukaizima, tukaiwasha, tukabadilisha neno, kisha tukafunga ile njia ya kuiingia kutoka nje.

Fedha alikataa. Msamaha nimeuomba palepale kibarazani, mbele ya walewale waliosikia, akacheka akasema nimnunulie urojo. Habari ya kiwanja imetoka Jumanne. Mlango 23 bado wanagonga, jana usiku nimehesabu mara 41, zote kutoka nje.